Jinsi nilivyoelewa mwendo wa mzunguko kabla ya mtihani wa kidato cha sita

Kwa wenzangu wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) wanaowania nafasi ya udaktari: kila swali la kitu kinachoviringika mtelemkoni lilinipa kasi kubwa kuliko jibu la mwalimu. Nilikariri kanuni, nikarudia mitihani ya zamani, bila mafanikio.

Jioni moja nyumbani, hapa Mabatini, niliegemeza ubao kwenye jiwe (mawe Mwanza hatuyanunui), nikaachia kwa pamoja kopo lililokatwa pande zote mbili na kipande cha gogo la mviringo. Mara ya kwanza viliteleza; nilipotandika gunia juu ya ubao viliviringika sawasawa, na gogo likatangulia kila mara. Gunia hilo ndilo lililonifumbua macho: kitu kisipoteleza, kasi yake ni kasi ya mzunguko mara nusukipenyo, kwa hiyo nishati ya kimo hugawanyika katika kusonga na katika kuzunguka, nami hiyo ya pili nilikuwa nikiisahau. Momenti ya inesha (ukinzani wa kitu dhidi ya kuzungushwa) ya kopo ni MR², ya gogo ni ½MR², M ikiwa masi na R nusukipenyo. Kutoka kimo cha mita 0.6, g (mchapuko wa graviti) ikiwa 10, gogo hufika chini kwa mita 2.83 kwa sekunde na kopo kwa 2.45, mimi nilikuwa nikiandika 3.46 kwa vyote viwili.