Waya Mweusi

Mwaka 2011 nilikuwa bado ninajifunza kazi kwa Papa fundi mmoja pale Kituku, Goma, ilipoletwa boti kuukuu ambayo mguu wake ulikataa kupanda. Injini yake ilikaa ndani, karibu na mgongo wa boti, yaani ukuta wake wa nyuma, na mguu wenye propela ukaning'inia nje, nyuma.

Asiyeijua Goma ataona ni jambo dogo. Ufuko wetu ni mawe ya volkano, makali kama chupa iliyovunjika. Januari 2002 uji wa moto wa mlima Nyiragongo ulipita katikati ya mji ukaingia Ziwa Kivu. Boti inayokaribia kando bila kuinua mguu, propela yake inagonga mawe hayo.

Mama mwenye boti alikuwa amekwisha kuambiwa kwamba pompa ya hidroliki, ile inayosukuma mafuta ya kuinua mguu, imekufa, na dola za kununulia nyingine alikuwa nazo, zimefungwa kwenye kitenge. Ukibonyeza swichi, mguu ulipanda hadi nusu, kisha ikabaki sauti moja tu: tak.

Mimi nilikwisha kujipenyeza chini yake kutazama zile silinda mbili zinazousukuma. Papa fundi alinishika bega akanivuta kwa nguvu.

"Mtoto wangu, mafuta yakitoroka, huu unashuka na mkono wako uko hapo."

Akafunga kamba nene, akakaza gogo kati ya mguu na mgongo wa boti. Ndipo akaniruhusu. Hadi leo sijaingiza mkono chini ya mguu wowote bila gogo.

Kisha akasikiliza. Nasema akasikiliza kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: macho amefumba, mimi nabonyeza. Tak ile, alisema, ni rele inaita, ile swichi ya umeme inayopeleka moto kwenye mota ya pompa, kwa hiyo swichi ni nzima. Akagusisha turnevisi, yaani bisibisi, kwenye bolti mbili kubwa za rele. Mota ikalia kidogo, kwa uchovu, ikanyamaza. Rele nayo haikuwa na kosa.

Akaniambia nipime. Kwenye bateri, volti 12 na ushee. Kwenye mota, huku swichi imebonyezwa, 7 tu. Akahamisha ncha moja ya kipimo kwenye nguzo hasi ya bateri, nyingine kwenye chuma cha pompa. Pangekuwa na karibu sifuri. Tulisoma karibu 5.

"Umeme unapotelea njiani unaporudi," alisema. "Tafuta waya mweusi."

Niliufuata hadi ulipofungwa kwenye injini. Bolti ilikuwa imeshika, lakini chini yake palikuwa na kutu na unga wa kijani. Nilikwangua mpaka shaba ikang'aa, nikakata ncha iliyooza, nikafunga upya. Ni kazi ya nusu saa.

Tukaondoa gogo, tukashusha mguu wote ndipo tukaongeza mafuta ya pompa, kwa maana ukijaza tangi lake mguu ukiwa juu, ukishuka yanarudi na kumwagika. Nikaupandisha na kuushusha mara kadhaa mpaka hewa ikatoka na mtetemo wa mguu ukaisha. Mara ya mwisho ulipanda taratibu bila kusita, propela ikachuruzika maji juani.

Mama alianza kufungua kitenge. Papa fundi akamwambia, "Funga, Mama. Utatulipa kazi ya mkono tu, pompa yako ni nzima." Mama hakusema neno, akashika ukingo wa boti kwa mikono yote miwili, akaangalia upande wa kisiwa cha Idjwi.