Alama ya Kumi na Moja

Leo jioni mwanangu mdogo ameilamba karoti. Hakuila. Aliishika kwa vidole viwili, akaigeuza huku na huku, akainusa, akaigusisha ncha ya ulimi, kisha akairudisha kwenye sahani polepole kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe. Mimi nilikuwa kwenye sinki najifanya naosha sufuria, moyo unadunda. Alipolala nikachukua kalamu, nikaweka alama kwenye kalenda ya jikoni. Ni ya kumi na moja, na zote ni za karoti.

Ana miaka miwili na nusu. Mwaka jana alikuwa anakula chochote utakachomwekea, halafu ghafla akaanza kukataa hata vile alivyovililia juzi yake. Sasa najua haikuwa jeuri. Woga wa chakula kigeni huanza mtoto akishajua kutembea, na huwa mkali kati ya miaka 2 na 6. Tena mtoto huzaliwa akipenda utamu na kukunja uso kwa uchungu, na mboga nyingi za majani zina uchungu ambao sisi wakubwa tumeshauzoea. Huenda akahitaji kuonjeshwa kitu kilekile mara 8, mara 10, hata 15, ndipo akikubali kitu hicho. Wengi wetu tunakata tamaa mara ya tatu au ya nne. Tunasema "huyu hapendi karoti", tunalisema mbele yake, naye analibeba neno hilo kama jina lake.

Dada yake ana miaka tisa, na kwake sikujua lolote kati ya haya.

Yeye nilimkaba. Nilimlaza mapajani, mkono wangu wa kushoto ukabana mikono yake yote miwili, nikasubiri afungue kinywa alie, ndipo nikatia kijiko. Nakumbuka joto la mwili wake na jinsi alivyokuwa akizungusha shingo kukwepa. Bakuli liliisha, nami nikajiona mama anayejitahidi. Leo nikiwaza mtoto anayelia huku ana chakula kinywani, kinachonitisha kwanza ni kwamba angeweza kupaliwa. Kinachoniuma zaidi ni kwamba alikuwa ananiambia kitu kwa njia pekee aliyokuwa nayo, na mimi nikautumia mlango huohuo wa kilio kumnyamazisha.

Tangu utoto nimesikia kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Nadhani nilishika neno moja tu, kukunja.

Laiti ningejua hesabu hii ndogo. Mtoto akitimiza mwaka huwa na uzito wa karibu mara tatu ya ule aliozaliwa nao. Mwaka wa pili huongeza kilo mbili hadi tatu hivi, basi. Mwili umepunguza mwendo, kwa hiyo na hamu ya kula inapungua. Ni hapohapo mimi nilipoongeza vijiko.

Alipokua nikaacha mabavu, nikaanza biashara. Malizia mboga upate biskuti. Kula vijiko vitano ndipo ukacheze. Ilionekana njia ya upole, na kwa miaka kadhaa nilijivunia kwamba nyumbani kwetu hakuna tena vilio mezani. Kisha siku moja nikampakulia maharage na spinachi, chakula anachokipenda kwa dhati, chakula ambacho hahitaji kubembelezwa. Akaitazama sahani, akanitazama mimi, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mama, nikimaliza nitapata nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikaa nikaona nimemfundisha kwamba chakula kizuri ni kazi na biskuti ni mshahara. Baadaye nikasoma kuhusu mtafiti wa Marekani, Leann Birch, ambaye mwaka 1984 yeye na wenzake walionyesha jambo hilohilo: watoto waliozawadiwa ili wanywe kinywaji fulani baadaye hawakukipenda tena kama mwanzo. Zawadi yenyewe humwambia mtoto kwamba kitu hiki kwa chenyewe hakinyweki.

Tangu hapo nimekuwa nikijaribu kufuata mgawanyo ambao mtaalamu wa lishe Ellyn Satter aliueleza miaka ya 1980. Mzazi anaamua kitaliwa nini, saa ngapi na wapi. Mtoto anaamua atakula kiasi gani, na kama atakula. Kuyaandika haya ni rahisi. Kuyaishi kuliniwia vigumu mno wiki za mwanzo. Kuna usiku mdogo alikula kipande kimoja cha mkate akashuka kitini, na mimi nikakesha nikisikiliza anavyopumua, nikingoja aamke kwa njaa. Hakuamka. Asubuhi akala mayai mawili na chungwa zima. Sasa ninahakikisha kila mlo una angalau kitu kimoja anachokijua, na kile kigeni kinakaa pembeni, kidogo, bila hotuba.

Kuna watu huniambia kwamba hii ni kumdekeza mtoto. Mimi naona sivyo, na hoja yangu ni ya Clara Davis. Huyu alikuwa daktari wa watoto, na mwaka 1926 alianza kuwaacha watoto wachanga walioachishwa ziwa wajichagulie chakula wenyewe. Walikuwa 15 kwa jumla, wakichagua kutoka vyakula 34. Wahudumu hawakuruhusiwa kuwasukumia wala kuwakataza. Kila mmoja alijipangia milo ya ajabu kwa macho ya mkubwa, na wote wakanawiri. Wengi huishia hapo wanapoisimulia habari hii. Davis mwenyewe hakuishia hapo. Alisema siri ilikuwa kwenye orodha: vyakula vya asili, visivyokobolewa wala kuongezwa sukari. Watoto walikuwa huru, lakini meza iliandaliwa na mtu mzima. Kwa hiyo kazi yangu sikuiacha, nimeihamisha kutoka kinywani mwa mtoto kwenda kwenye kapu la sokoni. Juisi za pakiti na soda sizikatazi, hazipo tu nyumbani. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isifike asilimia 10 ya nguvu tunayoipata kwa chakula, na kinywa cha mtoto hufika huko haraka kuliko mzazi anavyodhani. (Asali yenyewe asionjeshwe kabisa kabla ya kutimiza mwaka, hata tone, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyomdhuru mtoto mchanga. Hilo halina mjadala.)

Jambo ambalo sikulitegemea ni la sahani yangu mwenyewe. Baba yao ndiye aliyeliona. "Mbona wewe hujipakulii?" akaniuliza, na ni kweli, nilikuwa nawawekea watoto karoti kisha nakaa na sahani isiyo nayo. Mtoto huonja chakula cha mama mapema kuliko tunavyofikiri. Katika utafiti wa mwanasayansi Julie Mennella uliochapishwa mwaka 2001, watoto ambao mama zao walikunywa juisi ya karoti wakiwa wajawazito au wakinyonyesha walikunja uso mara chache zaidi walipopewa chakula chenye ladha hiyo. Mimi wangu hawakuikuta ladha hiyo popote. Basi nami sasa nazila, za kuchemsha na za mbichi, na nakiri zimeanza kunikolea.

Huyu mkubwa ndiye anayezikata siku hizi. Bado ana mwendo wake wa zamani, anakula mbiombio, macho kwenye sahani, kana kwamba kuna mtu anamhesabia vijiko. Jana usiku alifika karibu na mwisho akasimama. Vilibaki kama vijiko viwili. Akaweka kiganja tumboni, akakaa hivyo kwa muda, akasema taratibu, "Mama, nimeshiba," akaningoja.

Nikaichukua sahani, nikaipeleka jikoni.