Pemba, Kuwatazama Wasichana Wakicheza

Meli ilipoipita Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, bahari ikatukumbusha kuwa upepo wa kusi haujaisha. Wenye kuujua mkondo ule walikuwa wamekwisha kujilaza zamani, kanga zimewafunika nyuso, na mabaharia wanapita na mifuko ya plastiki kwa wanaohitaji. Nilikuwa nakwenda Wete, Pemba, kumwona mama mdogo, lakini wakati niliuchagua kwa makusudi. Ilikuwa Septemba, na skuli za visiwani zilikuwa mbioni kujiandaa kwa tamasha la Elimu Bila Malipo.

Kila tarehe 23 Septemba Zanzibar huikumbuka siku ya mwaka 1964 ambapo Mzee Abeid Amani Karume alitangaza kuwa elimu ni bure. Kwa skuli zetu kumbukumbu hiyo haiishii kwenye hotuba. Kuna mpira, netiboli, riadha, maigizo, tenzi, ngonjera na ngoma. Mimi mwenyewe nilicheza netiboli skuli, na nikifuatilia nasaba ya mchezo wangu siipati mbali na tangazo lile. Ada ilipoondoka, binti wa mvuvi na binti wa mchumaji karafuu nao wakaingia darasani, na walioingia darasani ndio walioingia kiwanjani.

Kutoka bandari ya Mkoani njia inapanda mlima moja kwa moja, halafu ni vilima na mabonde mpaka Chake Chake, na Chake mpaka Wete hivyo hivyo. Karafuu zilikuwa zimeanikwa kwenye majamvi kila penye jua, na harufu inakufuata hadi ndani ya gari.

Mama mdogo nilimkuta barazani anachambua karafuu na wajukuu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Bahari imekuwaje?"

Nilimwambia nataka kwenda kuwatazama wasichana wakifanya mazoezi, akacheka kwa furaha. Yeye alipelekwa Unguja kusoma katika miaka ya mwisho ya hamsini, akakaa kwa shangazi yake. "Sisi tukicheza ndani ya ua," akaniambia. "Mlango umefungwa, na mwanamume hasogei, hata awe baba yako."

Ua ule una historia yake. Skuli ya mwanzo ya serikali kwa wasichana ilifunguliwa Unguja mwaka 1927, na wazee wengi walisita. Msichana aliyekaribia kuvunja ungo hakutakiwa kuonekana ovyo barabarani, sembuse kurukaruka mbele za watu. Netiboli iliwafaa wote wawili, mzazi na mwalimu. Mchezo huo ulitokana na mpira wa kikapu, ukapewa kanuni zake Uingereza mwaka 1901, na walimu wa kike wakausambaza katika skuli za makoloni. Ukiwa na mpira hukimbii nao wala huudundi njiani. Unao kwa sekunde 3 tu, uutoe. Wachezaji ni 7 kila upande, kila mmoja na sehemu yake ya kiwanja asiyoruhusiwa kuitoka. Mchezo kama huo unachezeka ndani ya ua, na unachezeka kwa nguo ya stara.

Lakini mama mdogo hakukaa sana kwenye netiboli. Kilichomkaa moyoni ni maigizo. Wasichana wakiigiza kila kitu wao wenyewe, na sehemu za wanaume wakizishika warefu, masharubu yamechorwa kwa masizi ya chungu. Watazamaji ni mama zao, shangazi zao na majirani, buibui zimetundikwa pembeni. Yeye aliwahi kuwa kadhi. Akasimama pale barazani, karafuu zinamdondoka mapajani, akakohoa kwa sauti nzito na kutoa hukumu mbele ya wajukuu wake, nao wakapiga kelele za furaha. Hawakuwahi kusikia kwamba bibi yao alikuwa mwigizaji.

Ilinigusa sana. Majina ya wanawake wetu waliopanda jukwaani tunayajua machache. Siti binti Saad wa Fumba tunamjua, kwa kuwa alivuka bahari mwaka 1928 akaenda kurekodi Bombay na sauti yake ikabaki. Bi Kidude tunamjua pia, aliyeimba hadi uzeeni na kufariki mwaka 2013. Lakini baina ya hao kuna mamia ya wasichana walioghani, walioigiza na walioruka mbele ya pete ya netiboli, na habari zao zimo vifuani mwa wazee wenye umri kama wa mama mdogo. Nawaomba wenye bibi waliosoma waanze kuwauliza sasa.

Jioni tulikwenda kiwanjani pamoja, yeye akiwa na fimbo na mimi nikiwa na mkeka. Kiwanja ni udongo mwekundu, mistari imechorwa kwa majivu, nguzo ni mabomba ya maji yaliyochomelewa pete juu. Wasichana walivaa suruali ndefu chini ya sketi, mitandio imebanwa kwa pini nyuma ya shingo. Mfungaji wao ni binti mwembamba wa kidato cha tatu. Nilimkazia macho. Alipopokea mpira alitua kwa mguu mmoja, mguu wa pili ukagusa chini taratibu, akauinua mpira juu ya kipaji kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiusaidia tu ubavuni. Magoti yakakunjika kidogo. Mpira ukazunguka kinyumenyume hewani na kuingia bila kuigusa pete, na pete hiyo iko juu mita 3 na sentimita 5, wala haina ubao wa kuubabatiza mpira. Vidole vyake vilikuwa na weusi wa karafuu. Alikuwa amechambua tangu alipotoka skuli.

Walipomaliza, walewale waliokuwa wanacheza wakashika ngoma. Sikuona kikundi cha michezo na kikundi cha sanaa. Kapteni ndiye aliyekuwa msoma utenzi, na mlinzi wa goli ndiye mpigaji. Walikuwa wakijifunza lelemama, ngoma ya wanawake, wamejipanga mstari, mikono inakwenda polepole. Mama mdogo alivumilia kidogo kisha akainuka. "Bega lisipande, wanangu. Mkono ndio unaosema, bega linyamaze." Akawashika mmoja mmoja mabega. Mwalimu wao, kijana wa kike, akasogea pembeni kwa adabu na kumwachia darasa mpaka jua likazama.

Mwalimu huyo ndiye aliyenieleza linalomuuma. Kipindi cha michezo kimo kwenye ratiba, lakini mtihani ukikaribia ndicho kinachoondolewa kwanza, kinageuzwa masomo ya ziada. Wavulana hawaathiriki sana, kwani wakitoka skuli wana kiwanja cha mtaa na timu ya mtaa. Msichana akifika nyumbani kuna maji, kuna wadogo zake, na msimu huu kuna karafuu. Kwa wengi wao skuli ndiyo mahali pekee wanapocheza, na wakimaliza kidato cha nne mchezo nao umekwisha. Timu kubwa za netiboli Zanzibar ni za vikosi vya serikali, kama JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi), KVZ (Kikosi cha Valantia) na Mafunzo (magereza). Anayeshindwa kufika huko hana pa kwenda.

Nakubaliana naye kwa moyo wote. Kuwanyima wasichana saa ile moja ni kuwanyima mchezo wote. Mzazi anayeogopa matokeo mabaya namwelewa, nami nina watoto. Lakini nilimwona kapteni yule akisoma utenzi beti baada ya beti bila karatasi, pumzi haikatiki, mara tu baada ya kukimbia jioni nzima. Ubongo uliohifadhi beti zile hauwezi kusemwa kwamba unapotezewa wakati.

Tulipokuwa tunakunja mkeka, mfungaji alikuja akaniamkia, akaniuliza kama kweli natoka mjini Unguja. Alitaka kujua JKU wanawachukuaje wachezaji, na kama ni lazima uwe mrefu. Nilimwambia urefu unasaidia, lakini mkono kama wake hauokotwi. Akasema baba yake anataka awe mwalimu.

"Na wewe je?"

"Nataka vyote viwili, shangazi. Nifundishe hapa hapa, na kipindi changu asikichukue mtu."

Mama mdogo akamwambia aje nyumbani Ijumaa baada ya sala, awalete na wenzake, lelemama bado hawajaipata sawasawa.