Kabla hujanunua bomba, kacheki mwinuko kwanza

Huku Lushoto kila mwenye kabustani ka kabichi au karoti anataka maji ya mserereko, petroli ya pampu nani anaiweza kila wiki, na chemchemi ziko huko juu. Tatizo watu wakishaona chanzo kiko juu kuliko shamba wanavuta bomba moja kwa moja, kumbe katikati kuna mgongo au bonde la kuwasumbua.

Mi naanza na Google Earth Pro, ni bure tangu 2015. Unachora njia toka chemchemi mpaka shambani, unaiomba ikuonyeshe mwinuko wa hiyo njia, inakuletea mchoro wote wa kupanda na kushuka. Umbali achana nao kwanza, tafuta sehemu iliyoinuka kuliko zote, ikiwa juu ya chanzo hiyo njia isahau, na hata ikiwa chini kidogo tu hewa itajikusanya pale na maji yatakuja yanakoroma, kwa hiyo weka valvu ya hewa. Halafu bonde. Kila mita 10 za kushuka ni kama ba 1 ya presha, sasa bomba la PN6, yaani la kubeba ba 6, likishuka mita 70 chini ya chanzo na mtu akafunga koki kule mwisho, limeshazidiwa hilo. Hapo ni PN10, au tanki la kukata presha kama mbele njia haipandi tena, mi hapo nachagua tanki.

Ila ramani nayo ina uongo wake. Data za mwinuko ambazo wengi wanaweka kwenye QGIS, ile programu ya ramani, ni za SRTM, zilipigwa kwa rada toka chombo cha Endeavour Februari 2000, kipimo kimoja kinabeba eneo la kama mita 30 kwa 30, na penye miti mingi rada mara nyingi imesoma majani sio udongo. Ikikwambia mnashuka mita 60 sawa, ikikwambia mita 3 usinunue kitu, chukua ule mpira wa levo wa mafundi ujenzi mkapime wawili.

Na saizi usimwachie muuza duka, kipenyo cha ndani kikipungua nusu, kwa maji yaleyale, msuguano unapanda karibu mara 30.

Njia ukishaichora isevu, ukienda Bodi ya Maji Bonde la Pangani kuomba kibali unakuwa na GPS za chanzo tayari, na majirani ambao bomba linapita kwao waonyeshe kwenye simu kabla jembe halijagusa mpaka wao.