Zege Likishakauka Umechelewa: Nilivyojifunza Kumaliza Kazi ya Viyoyozi kwa Wakati

Jengo la kwanza nililosimamia mwenyewe lilikuwa la ghorofa 4, Mikocheni, mgahawa chini na ofisi juu. Tulipewa wiki 14 kufunga viyoyozi na mfumo wa hewa. Tukamaliza wiki ya 22. Mkataba ulikuwa na kipengele cha fidia kwa kila wiki ya kuchelewa, na faida yote ikaishia humo. Mke wangu akaniuliza kama siku hizi najitolea.

Kwa miezi kadhaa nililaumu kila mtu: bandari, mshauri, mafundi wa gipsamu, mvua za masika. Halafu jioni moja nikatoa daftari la saiti, nikachukua kalamu nyekundu, nikaanza kuhesabu siku ambazo vijana wangu walikaa bila kazi na sababu yake. Nilitegemea kukuta "mzigo haujafika" kila ukurasa. Nilizikuta siku hizo, zilikuwa 9. Zilizonishangaza ni zile za "tunasubiri tundu". Zilikuwa 17.

Dakti, yaani mfereji wa bati, ya kutoa moshi jikoni ilikuwa na upana wa sentimita 60, na ilitakiwa ipande kutoka mgahawani hadi juu ya paa. Kwenye michoro yetu ilipita bila shida. Kwenye michoro ya mhandisi wa muundo, palepale palikuwa na bimu. Hakuna aliyewahi kulaza mchoro mmoja juu ya mwingine. Zege likamwagwa, likakauka, ndipo sisi tukafika na bati letu. Sasa, kutoboa slabu, yaani sakafu ya zege, si jambo la fundi kujiamulia. Mhandisi lazima aje, aone nondo zimepita wapi, aseme pa kukata na pa kuacha, kisha aandike barua. Kuipata barua kulichukua siku 11. Kutoboa kwenyewe, siku moja na nusu.

Kazi iliyofuata nilianza kwa chaki. Siku 2 kabla ya kumwaga zege napanda juu ya mbao za slabu nikiwa na michoro yote, ya kwetu na ya muundo, na futi. Nachora kila mahali dakti, bomba za gesi na bomba za maji zitakapopita, kisha vijana wanapigilia vikasha vya plaiwudi ili zege lisiingie humo. Mara ya kwanza nyapara wa nondo alinijia juu: "Injinia, unanivurugia wavu wangu!" Nikamwambia, "Mzee wangu, nikija na mashine baada ya mwezi nitakata nondo zako hizi hizi." Akanyamaza, akaondoka, akarudi na kijana wa kuongeza nondo kuzunguka vile vikasha kama mhandisi alivyoelekeza. Tangu siku hiyo kila nikipanda nampelekea soda.

Upande wa mzigo nilikuwa nafanya kosa la kizembe: naagiza kila kitu kwa mkupuo, baada ya mshauri kuidhinisha kila kitu. Mashine zikitoka China zinakaa baharini kama mwezi mzima, na kabla hazijapakiwa zinahitaji cheti cha ubora kinachotolewa hukohuko na mawakala wa TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Ukikumbuka cheti hicho meli ikiwa imeshaondoka, utaongea na wakala wako wa forodha hadi umchoke. Siku hizi naanza na tarehe ambayo mafundi wa gipsamu watafunga dari, narudi nyuma wiki kwa wiki. Mashine za ndani ndizo za kuwahi, kwa sababu zinakaa darini. Za nje, zinazokaa paani, zinaweza kuja baadaye na kreni. Bomba za shaba nanunua hapa hapa Dar, na ncha zake lazima ziwe zimezibwa tangu dukani. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, na unyevu ukiingia ndani ya bomba utakugharimu siku nzima ya kuvuta vakyumu, yaani kunyonya hewa na unyevu wote kwa pampu.

Lakini penye ugomvi wa kweli ni darini. Fundi wa gipsamu analipwa kwa mita za mraba. Ukimwachia nafasi atafunga bodi, hata kama bomba lako halijapimwa. Kule Mikocheni tulifungua dari vyumba 6 kutafuta uvujaji, na kila bodi iliyokatwa tuliilipia sisi. Sasa kuna karatasi moja tu, nimeibandika mlangoni mwa kila ghorofa: chumba hakifungwi mpaka fundi AC, fundi umeme na fundi bomba wote wametia sahihi. Msimamizi wa mkandarasi mkuu aliikubali siku nilipomwonyesha picha za zile bodi.

Kupima bomba ni somo lenyewe. Tunajaza gesi ya naitrojeni hadi geji, ile saa ya kupima mgandamizo, isome megapaskali (MPa) 4.15, tunafunga, tunaacha saa 24. Kijana wangu mmoja alijaza saa 9 alasiri, joto nyuzi 33. Saa 12 asubuhi, nyuzi 26, geji ikasoma 4.05. Nilipofika nilimkuta juu ya ngazi, ameshakata insulesheni mita 3 akitafuta panapovuja. Hapakuvuja popote. Joto likishuka nyuzi 1, geji nayo hushuka kama MPa 0.01 au kidogo zaidi. Kwa nyuzi 7 hesabu ilikuwa imetimia. Tukasubiri alasiri, geji ikapanda yenyewe. Tangu hapo, pembeni ya kila namba ya geji tunaandika joto la saa hiyo, tena kwa kalamu ya wino juu ya utepe uliobandikwa kwenye bomba.

Umeme nauliza kwenye kikao cha kwanza kabisa: laini ya fezi tatu itaingia lini, na ombi liko wapi. Mashine za nje hazijaribiwi kwa matumaini. Mteja mwingine huona swali hilo limekuja mapema mno; namwacha aone hivyo, ila jibu naliandika kwenye muhtasari.

Kitu ambacho bado sijakipatia dawa ni mteja kubadilisha mawazo. Kazi yangu ya mwisho, jengo la aina ileile, chumba cha mikutano kilihamishwa upande wa pili wakati dakti zimeshaning'inia. Safari hii sikugusa hata boliti moja kabla ya kupata barua. Nikaongezewa siku 6, nikatumia 5.

Siku ya makabidhiano mpishi aliwasha majiko yote kwa pamoja, tukatoka nje kutazama paani. Moshi ukapanda na kutoka ulipopaswa kutoka. Yule nyapara wa nondo naye alikuwepo, kaja kudai hela zake kwa mkandarasi. Akatazama juu, akanitazama mimi, akasema, "Na soda ya leo iko wapi?"