Leo nimepanda mnara wa kengele

Jamani bado masikio yanavuma. Nimeenda kanisa la shule kusikiliza kile kinanda cha mabomba, nikakaa karibu kabisa na mpigaji, kumbe sauti yote ile ni upepo tu unasukumwa kwenye mabomba, refu lina kama mita 5 na likiunguruma benchi linatetemeka mpaka unalisikia kifuani, na lile dogo kabisa ni fupi kuliko penseli.

Halafu tukapanda mnarani kwenye kariloni, yaani zile kengele nyingi zinazopigwa kama kinanda, ngazi zile acha tu. Mimi nilidhani wanavuta kamba, kumbe mpigaji anakaa mbele ya safu ya vijiti vya mbao anavigonga kwa ngumi, kengele kubwa anazikanyaga kwa miguu, waya unavuta ulimi unagonga na kengele yenyewe imetulia tuli, haiyumbi. Kengele zinatakiwa ziwe angalau 23 ndio iitwe kariloni. Nikamwangalia mkono, upande wa kidole cha mwisho ngozi imekuwa ngumu kabisa. Akaniambia haya gonga na wewe, nikagonga kimoja tu, ikalia juu ya kichwa changu na haikuisha haraka, nikajikuta machozi yananitoka.