Mashine ilisoma 21.4

Jumapili. Maembe yanadondoka uani hapa Tabora, na Baba Mdogo ameketi papo hapo chini ya mwembe. "Mwanangu, hata kuyatazama kunapandisha sukari?" Anacheka, kikohozi kinamkatisha.

Sukari anayo mwaka wa tisa sasa. Saratani ya mapafu tumeijua mwaka huu, baada ya miezi ya kudhani ni TB. Amelima tumbaku Urambo tangu ujana, akavuta alicholima, na usiku akilala bani, banda la kukaushia tumbaku, akichochea moto.

Juzi tulikuwa Mwanza kwa dripu ya pili ya dawa za saratani. Jioni, kule gesti, akamaliza jagi zima la maji na bado kiu, chooni haishi kwenda. Nikamtoboa kidole kupima sukari: 21.4. Asubuhi huwa 8 au 9! Nikapiga simu wodini; nikaambiwa mambo ya sukari nikaulize kliniki ya sukari. Kliniki yenyewe imeshafungwa.

Kesho yake daktari mmoja kijana ndiye aliyenifumbua macho. Kabla ya dripu mgonjwa huchomwa deksamethasoni asitapike, nayo hupandisha sukari. Sentensi moja tu hiyo. Tungeambiwa mapema tungejipanga na insulini.

Nikamuuliza linaloninyima usingizi: kisukari kitampunguzia siku? Hakunificha. Tafiti nyingi zimeona wenye magonjwa yote mawili huishi muda mfupi zaidi. Figo zikishachoka, dawa za saratani kama sisplatini huwa ngumu kutumia. Moyo nao ukisumbua, upasuaji unaogopwa. Na sukari ikiwa juu, maambukizi hupata njia. Lakini watafiti wa Norway mwaka 2011 waliona kinyume: baada ya mwaka mmoja, wenye kisukari waliokuwa hai walikuwa asilimia 43, wasio nacho 28. Mimi nawaza labda ni kwa sababu wanaonwa na daktari mara kwa mara. Kuwaza kwangu tu. Metformini nayo, dawa yake ya sukari niliyokuwa nimeiwekea matumaini dhidi ya saratani, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa saratani hii wasio na kisukari, na majibu ya 2021 hayakuonyesha faida. Kwa hiyo anaimeza kwa ajili ya sukari, basi.

Nimeyafunga madaftari yake mawili ya kliniki kwa rababendi moja. Yeyote atakayefungua la saratani atakutana na la sukari.

Saa kumi nimempima: 9.2. Nikamkatia embe, vipande viwili. Ameomba cha tatu.